Asnath na Sauti Iliyofungwa ya Bibi Amne

Hebu mwone kwanza akiwasili. Mwanamke wa miaka thelathini na nane hivi, mwembamba, kitambaa cha kitenge kichwani, anashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, kijiji kimoja mwendo wa nusu saa kutoka Handeni mjini. Vumbi jekundu limempaka mpaka kwenye nyusi. Mgongoni ana begi la shule la mwanawe, lenye picha ya katuni iliyofutika uso. Begi jingine dogo amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Hana mayai. Ana simu mpya ambayo haijawahi kupigwa wala kupiga, kompyuta mpakato iliyofungwa na mpira kwenye kona, pawabenki mbili, na daftari lililojaa mwandiko mdogo mdogo wa kalamu ya bluu.

Jina lake Asnath Eliasi. Nyumbani kwake ni Kilole, pale Korogwe mjini. Kazini kwake ni Segera, kwenye kibanda cha mabati jirani na mahali mabasi yanapopumzika kabla ya kuchagua njia, ya Tanga, ya Arusha au ya Dar es Salaam. Na leo Alhamisi amekuja kuhamisha sauti ya mwanamke aliyekufa kutoka simu moja kwenda nyingine, bila yeye mwenyewe kuisikia hata neno moja.

Tulia nikueleze, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko linavyosikika.

Babu yake Asnath alitoka Tabora, akaja kukata mkonge. Watu wa aina yake waliitwa manamba, na waliokuja wakasema watarudi baada ya mkataba ndio hao ambao makaburi yao yako Korogwe mpaka leo. Baba yake, mzee Eliasi, alizaliwa kambini, akafanya kazi kwenye korona, ile mitambo ya kuchakatia mkonge, hadi ilipofungwa. Asnath alimaliza darasa la saba, akaenda Segera kuuza machungwa yaliyomenywa kwa abiria. Unayajua yale machungwa yanayoinuliwa dirishani juu ya kijiti? Hayo. Baadaye akaacha machungwa, akaanza kuchaji simu za watu. Kutoka kuchaji akaingia kubadilisha vioo. Kutoka vioo akaingia ndani kabisa, kule kusikoshikika kwa bisibisi.

Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu. Siku moja mteja alimwachia simu iliyokataa kuwaka, Asnath akatafuta mtandaoni dawa yake, akakuta ukurasa mrefu wa maandishi ya Kiingereza ya wale wanaotunga programu. Hakuelewa kitu. Akanunua kamusi. Alichukua maneno matano kwa siku, akayaandika kwenye daftari, akayasoma akisubiri wateja. Mwaka wa pili alitunga programu yake ya kwanza, ya kumkumbusha mumewe Raymond saa ya kumeza dawa za presha. Raymond aliiogopa ile simu wiki nzima.

"Imejuaje kwamba sijameza?" aliuliza.

"Haijui. Inakusumbua tu."

"Basi umeiumba kwa mfano wako."

Huyo ndiye Asnath. Sasa tumlete Mwaija.

Mwaija Mwinjuma alifika kibandani Segera mwezi wa tisa, akiwa na vumbi la Handeni kwenye pindo la baibui. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mahindi na mihogo. Jirani wa Asnath kwenye vibanda vile ni kijana mmoja anaitwa Godlisten, fundi naye, mdomo wake haukai. Mwaija alipita mbele ya Godlisten, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, karibu. Simu imefanya nini?"

"Simu haipo."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Haitoki."

"Sasa nitatengenezaje simu isiyotoka?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Si ndiye fundi?"

Godlisten alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Asnath akamvutia Mwaija kiti cha plastiki, akampa maji, akamwambia aanze mwanzo.

Mwanzo ni huu. Mama yake Mwaija, marehemu Bibi Amne, alikuwa kungwi, yaani mwanamke anayewafunda wasichana wanapokuwa wali, wanapowekwa ndani na kufundishwa utu uzima. Mafundisho yenyewe yamo ndani ya nyimbo za Kizigua, kumi na tisa kwa mpangilio wake, na katikati ya nyimbo kuna maelezo. Mwanamume hazisikii. Mwanamke ambaye hajapita ndani hazisikii. Miaka sita iliyopita walikuja watu wa mradi fulani wa kuhifadhi lugha, wakamwomba Bibi Amne azirekodi. Bibi akakataa. Wakarudi. Akakataa. Mara ya tatu wakaja na simu yenye programu ya kurekodi iliyokuwa na kufuli lake, wakamwambia, bibi, utakachosema humu kitafungwa, kitafunguka ndani ya simu hii tu, kwa namba ya siri utakayoichagua wewe, hata sisi hatutasikia. Bibi Amne akawaambia waondoke, wamwachie simu. Akarekodi. Hakuwapa kitu. Mradi ukaisha, watu wakaenda zao.

Bibi alifariki mwaka juzi. Simu ikabaki kwa Mwaija, pamoja na namba yake ya siri. Sasa betri lake limevimba limeinua mfuniko, kioo kimepasuka, haitoi tena sauti yoyote, na ukichomoa chaja haimalizi dakika, inazimika. Na Yusra, binti wa Mwaija, amemaliza kidato cha nne, yuko ndani, ni mwali. Kumtoa ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi na mbili. Anayejua mafundisho kwa kichwa amebaki mmoja, Bibi Maryamu, na yeye amekiri mbele ya wanawake wote kwamba anazo tisa tu. Kumi zilizobaki zimo kwenye simu.

"Si mrushe tu hilo faili kwenda simu nyingine?" Godlisten aliuliza kutoka kwake.

"Tulirusha," Mwaija alisema. "Lilifika. Likakataa kufunguka."

"Lete nilivunje. Dakika tano."

"Ukilivunja, utalisikia?"

"Lazima nisikie, nitajuaje limefunguka?"

"Basi acha."

Asnath alikuwa amevunja makufuli mengi ya simu za watu waliosahau namba zao, na hajawahi kujisikia vibaya. Lakini hili lilikuwa la namna nyingine. Mwenye kufuli hakusahau. Alifunga akiwa na akili zake zote, kwa sababu anayoijua.

Mwaija akaeleza lililobaki. Programu ile ina ruhusa ya kuhamia simu moja nyingine. Simu ya zamani inatoa kifurushi, na pamoja na kifurushi inatoa kibali. Kibali kinaishi nusu saa, kisha kinakufa. Na vibali ni vitatu tu, havizidi. Mwaija mwenyewe alijaribu kimoja, kikakataliwa. Fundi wa mjini alikuja nyumbani akajaribu cha pili, akiwa amegeukia ukutani kwa heshima, kikakataliwa pia. Kimebaki kimoja. Kikikataliwa na hicho, faili litakuwepo, na betri likifa, hakuna atakayelifungua milele.

"Nipe muda," Asnath alisema.

Alipewa wiki kumi na moja.

Ile programu ya mradi haikukubali tena kuingia kwenye simu mpya, ilikuwa imepitwa na wakati. Lakini kila simu janja ina namna yake rasmi ya kupokea faili lililofungwa, na watunga programu wanaweza kuiomba ifanye kazi hiyo. Wataalamu huiita kiolesura. Asnath aliiita dirisha, na alipomweleza Mwaija alisema hivi: ukienda hospitali kuchukua dawa, huingii stoo. Unasimama dirishani, unapitisha karatasi yako, aliyeko ndani anaisoma, anakagua muhuri, anakuletea au anakukatalia. Stoo huioni. Kazi yangu mimi ni kutunga kiprogramu cha kusimama dirishani. Kitapokea kifurushi cha mama yako kipande kwa kipande, kitakipitisha ndani bila kukifungua. Simu itakagua kibali, itavua kufuli la zamani na kuvisha kufuli jipya la kwake, yote kule ndani, gizani. Mimi nitaambiwa neno moja tu: imekubaliwa, au imekataliwa na sababu yake.

"Hutasikia kitu?"

"Hata nikitaka."

"Hiyo simu ina adabu kuliko watu," Mwaija alisema.

Na Asnath mwenyewe, hicho ndicho kilichomshangaza. Alikuwa amefungua simu maelfu, akazijua kwa skrubu zake, na hakuwahi kujua kwamba ndani ya kile kibapa kinachoteleza mfukoni kuna chumba ambacho hata mwenye simu haingii. Usiku alikuwa akimwambia Raymond mezani, na Raymond akawa anaacha kula. Kwamba mtu mmoja mahali fulani duniani, ambaye hajui Handeni iko wapi, alikaa akawaza, je, ukitaka kupitisha siri mikononi mwa mtu bila mtu huyo kuijua, utafanyaje? Akalijibu. Na jibu lake linamfaa kungwi wa Kizigua.

Alifanya mazoezi. Alichukua simu mbili za pale kibandani, akajirekodi akiimba sauti ya pili ya kwaya, akaifunga kwa kufuli la namna ileile, akaihamisha. Mara ya kwanza ilikataliwa kwa sababu alipitisha vipande bila mpangilio. Mara ya nne ilikataliwa kwa sababu hakumaliza kwa kufunga dirisha. Mara ya saba akagundua jambo la ajabu: kifurushi kimoja kikiingia, ndani huzaa mafaili mawili, moja kubwa la sauti na moja dogo sana la ruhusa, na simu ikikosa nafasi ya lile dogo huuliza, niandalie mahali pengine, kisha inasubiri jibu. Usipojibu, inatupa vyote. Ilimchukua siku tatu kutunga jibu. Baada ya hapo alihamisha ile sauti yake ya kwaya mara arobaini mfululizo, ikakubaliwa mara arobaini.

"Nyimbo yenyewe nimeshaichoka," Godlisten alilalamika. "Ukienda huko Handeni utukumbuke na sisi tuliobaki na maumivu."

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Yule fundi wa mjini aliandika kwenye karatasi namba ya kukataliwa aliyoiona. Asnath aliitafuta maana yake. Ilisema: muda wa kibali umekwisha.

Umekwishaje? Mwaija aliapa kwamba hazikupita dakika tano. Kibali kinaishi thelathini. Kwenye simu za kibandani Asnath alijaribu hata kungoja dakika ishirini na nane, kikakubaliwa. Aliuliza kwenye majukwaa ya watunga programu, wakamjibu watu wa nchi tatu, kila mmoja na lake. Alitafuta kosa kwenye programu yake kama mtu anayechambua mchele, punje kwa punje. Hakuliona. Wiki zikaisha. Akasafiri hivyohivyo, na kibali kimoja, bila jibu.

Basi sasa turudi pale mlangoni tulipomwacha na vumbi lake.

Ndani walikuwepo Mwaija na Bibi Maryamu, bibi huyo amekaa mkekani, kanga mbili, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa na uzi. Asnath akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mtu wa wapi?"

"Nimezaliwa Korogwe, bibi. Babu alitoka Tabora."

Uso wa bibi ukafunguka kama aliyepewa zawadi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani.

"Mnyamwezi! Mwaija, umeniletea mtani wangu ndani ya nyumba hukuniambia? Ningeficha kuku." Akamgeukia Asnath. "Nyinyi mlipita hapa na mizigo ya watu kichwani, mnakwenda pwani. Mpaka leo hamjaitua?"

"Hatujaitua bibi. Nyinyi mlikuwa mmekaa kivulini mnatuhesabu."

"Tuliwahesabu ili mkifa tujue wangapi wa kuzika!" Bibi akacheka akapiga paja. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Lakini hili nitakusifu. Mizigo ile ilikuwa imeshonwa, na mliibeba miezi mitatu hamkufungua kuangalia. Ndiyo maana nimekubali uingie. Kaa."

Simu ya zamani ililetwa juu ya mto mdogo, waya wa chaja umeifuata nyuma. Asnath aliigusa kwa ncha za vidole. Betri lilikuwa limevimba kama andazi. Aliibadilishia umeme, kutoka ukutani kwenda kwenye pawabenki, maana umeme wa pale kijijini hukatika bila kuaga. Ikapepesa, ikakaa. Mwaija akaingiza namba ya siri, Asnath akiwa amegeuka. Alipogeukia tena, programu ya mradi ilikuwa wazi, na kitufe kimoja: TOA KIBALI. Chini yake: kimebaki 1.

Akawasha simu mpya, akaiweka juu ya mkeka. Akafungua kompyuta. Akapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwa kama kibandani. Alipeleka kidole kwenye kitufe, akakirudisha.

"Mbona unasita?" Bibi Maryamu aliuliza.

"Nina swali ambalo sijalipata jibu, bibi. Nikibonyeza, nitakuwa nimebonyeza."

"Ni saa ngapi sasa? Tusije tukakimbizwa na adhuhuri."

Mwaija akainamia simu ya marehemu. "Saa nne na dakika ishirini."

Asnath naye alitupia jicho. Kwenye pembe ya kile kioo kilichopasuka kulikuwa kumeandikwa 4:20. Ndiyo, saa nne na dakika ishirini. Jua lenyewe mlangoni lilisema hivyo. Akageukia simu mpya kuhakikisha ina chaji, na pale pembeni kukaandikwa 10:20. Ndiyo. Saa nne na dakika ishirini.

Akatazama ya zamani. Akatazama mpya.

Wewe unajua jinsi tunavyoishi. Simu inaandika kumi, mdomo unasema nne, na katikati hakuna anayehisi kwamba amepiga hesabu. Asnath alikuwa amesoma saa za simu maelfu namna hiyo bila kuwaza. Na hii moja iliyoandika nne, aliisoma nne, na jicho lake halikulalamika, kwa sababu nne ndiyo iliyokuwa kweli.

"Bibi," alisema taratibu, "saa ya simu hii nani aliiweka?"

Bibi Maryamu akacheka kwa pua. "Amne mwenyewe! Wale vijana wa mradi walimpa ikiwa imeandika saba, ndiyo kwanza jua linachomoza. Amne akawaambia, saba ya nani hii? Mimi nimetoka kuswali alfajiri sasa hivi. Akawalazimisha waiweke inavyosemwa. Tangu siku hiyo nyumba nzima tunasoma saa kwenye simu ya Amne, haijatudanganya hata siku moja."

Asnath alikaa chini kabisa. Umeelewa, msomaji wangu? Simu ya bibi ilitoa kibali ikaandika juu yake: kimetolewa saa 4:20, kitakufa 4:50. Simu mpya ikakipokea, ikaangalia saa yake, 10:20, ikasema, mbona hiki kimekufa zamani? Saa sita zilikuwa zimekaa katikati ya simu mbili zilizolala mkeka mmoja, na wote waliozitazama waliona wakati uleule. Mafundi wa nchi tatu wasingeweza kuliona hilo hata kwa mwaka mzima. Lilitaka mtu anayesema nne akiandikiwa kumi, na huyohuyo ndiye ambaye jicho lake lingelipita.

"Basi tuirekebishe ya zamani," Mwaija alisema, mkono tayari.

"Usiiguse!" Asnath alimshika. "Hiyo ukisogeza saa yake, kufuli litadhani ni mwizi, litajifunga moja kwa moja. Nimelisoma hilo mara tatu." Akaichukua simu mpya. "Hii bado haijaulizwa chochote. Hii inaweza kusogezwa." Halafu akasita tena, na safari hii alisita kwa jambo lingine. "Lakini bibi, si nitakuwa nimelidanganya kufuli?"

Bibi Maryamu alivua miwani. "Utakuwa umemdanganya nani? Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne na... ishirini na sita."

"Andika hivyo. Huo ni uongo?"

Asnath akaandika hivyo. Nne, ishirini na sita. Simu mpya ikakubali, ikakaa na jirani yake wakiwa na wakati mmoja. Akatazama na tarehe, zililingana. Akasema sala fupi ya kikwao kimoyomoyo, Bibi Maryamu akasema bismillahi kwa sauti, na kidole kikabonyeza.

Kibali kikatoka. Chini yake pakaandikwa: kimebaki 0.

Kifurushi kikaanza kupita dirishani. Asilimia tatu. Tisa. Kuku aliingia akaangalia, akatoka. Ishirini na mbili. Arobaini. Kwenye kioo hapakuwa na wimbo wala neno, ni namba tu zilizopanda, lakini wale wanawake watatu walizitazama kama watu wanaotazama jeneza likivushwa mto wenye maji mengi. Tisini na sita. Ikasimama.

"Imekufa?" Mwaija alinong'ona.

"Inauliza mahali." Asnath hakutoa jicho. "Inaomba mahali pa lile faili dogo. Ngoja ijibiwe."

Kile kiprogramu cha kibandani, kilichotungwa kati ya basi na basi, kikajibu. Tisini na saba. Mia moja. Kioo kikawa cheupe kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha pakaandikwa neno moja alilolitunga mwenyewe kwa Kiswahili, maana hakutaka siku hiyo iandikwe kwa lugha nyingine: IMEKUBALIWA.

Asnath hakushangilia. Aliinuka, akampa Bibi Maryamu simu mpya na spika za sikioni kwa mikono miwili, akamwonyesha Mwaija pa kuingiza namba ya siri, akatoka nje bila kuambiwa. Alikaa kwenye kibaraza akiwa amegeukia shamba la mihogo.

Ndani palikuwa kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka akaanza kuogopa. Labda imefunguka tupu. Labda betri liliharibu kitu miezi iliyopita na wamehamisha upepo. Kisha akasikia sauti ya Bibi Maryamu, si ya kuimba, ya kuongea, inatetemeka:

"Hapa alikohoa. Mwaija! Hapa alikohoa, nilikuwepo, nilimletea maji kwenye kikombe cha bati. Sikia anakunywa. Mtoto, mama yako anakunywa maji!"

Na Mwaija akalia, kilio kile cha kufungua kifua, kisha wote wawili wakasikiliza.

Asnath naye alilia pale nje. Hakumjua Bibi Amne. Hakujua sauti yake ilikuwa nene au nyembamba. Ilikuwa imepita mikononi mwake kipande kwa kipande, vipande maelfu, na hakuna hata kimoja kilichoacha alama. Kwa wiki kumi na moja alikuwa akijiambia kwamba hilo ndilo lililo zuri zaidi katika kazi hii. Sasa, akiwa na ukuta mmoja tu katikati, aligundua kwamba anatamani kusikia kama mtu mwenye kiu.

Mlango ukafunguka. Bibi Maryamu alisimama, macho mekundu, kanga imelowa.

"Zote zimo," alisema. "Kumi na tisa. Mjukuu wetu atatolewa Jumamosi ametimia. Sasa sikiliza, wewe mtani. Tumeongea mimi na Mwaija. Wimbo wa kwanza ni wa kumkaribisha mgeni, na mgeni anaweza kuusikia kama makungwi wamekubali. Tumekubali. Lakini ukiingia umeingia. Hutauimba ukiosha vyombo. Hutamwambia mumeo ulisema nini. Kile kibanda chako cha Segera kitakuwa kina jambo moja usiloweza kulisema mpaka unakufa. Ukitaka kwenda zako, nenda kwa amani, kazi yako imekwisha na tutakuombea dua."

Akauacha mlango wazi, akarudi ndani.

Asnath alisimama kizingitini. Alikuwa mtu wa kueleza. Kila alichowahi kujifunza alimweleza mtu: Raymond mezani, Godlisten kibandani, wateja waliosubiri simu zao. Alifikiria jinsi ingekuwa kubeba kitu kizuri namna ile na kutokisema. Alifikiria pia safari ya kurudi Segera bila kukijua. Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi, kingine kikiwa bado mguuni, na kutoka ndani akasikia mkeka ukisogezwa kumpa nafasi.

Ungekuwa wewe, ungeingia?